Lugha ya Miongozo ya Wafanyabiashara Wadogo: Hatari ya Neno Lililozoeleka

Miongozo inayowaelekeza wafanyabiashara wadogo namna ya kusajili majina ya biashara, kukata leseni, kulipa kodi na kukopa fedha imekuwa mingi katika miaka ya karibuni, na iliyo mingi kati ya hiyo imeandikwa kwa Kiswahili. Hilo ni jambo la kushukuru. Tangu Bunge la Tanzania lilipopitisha marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, kazi ya mfasiri wa maandishi ya sheria na fedha imeacha kuwa ya hiari au ya kuonyesha uzalendo tu. Sasa ni sehemu ya utawala wenyewe. Hata hivyo, kuandika kwa Kiswahili ni jambo moja na kueleweka na mwenye genge ni jambo jingine. Katika makala haya twataka kuipima lugha ya miongozo hiyo kwa swali moja tu: msomaji akiisha kuisoma atafanya nini, na ikiwa ameielewa sivyo atapoteza nini?

Hatutautaja mwongozo wowote kwa jina, kwa vile kasoro tutakazozieleza si za mwongozo mmoja wala za ofisi moja. Zimeenea, na mara nyingi chanzo chake hakiko kwa mwandishi wa mwongozo. Kiko katika desturi ya kuchukua istilahi kutoka kwenye orodha, neno kwa neno, bila kutazama neno hilo limekwisha kuajiriwa kazi gani nyingine katika kinywa cha mtu anayeandikiwa.

Lawama inayosikika mara kwa mara juu ya miongozo ya namna hii ni kwamba ina maneno magumu. Walimu husema hivyo, na hata watumishi wa ofisi zinazoitoa. Sisi hatukubaliani na lawama hiyo, au tuseme twaiona imeelekezwa mahali pasipo tatizo. Neno *stakabadhi* ni gumu kwa mtu wa sokoni, lakini halijamdhuru mtu. Akilikuta humwuliza jirani yake, naye huambiwa kwamba ndiyo risiti, na shauri limekwisha. Mamlaka ya Mapato Tanzania, ilipotaka kuwahimiza watu kwa matangazo, ililiacha *stakabadhi* kwa watunga sheria na kuwaambia wananchi wadai *risiti*, na ilifanya vyema. Neno *ritani* nalo ni geni kabisa. Halina nasaba yoyote katika Kiswahili. Lakini ugeni huo ndio usalama wake. Mfasiri angeliweza kulitafuta neno la kienyeji na kuandika *marejesho*, na hapo mkopaji wa kikundi, ambaye kwake marejesho ni fedha anazopeleka kila juma kulipa mkopo, na mfanyabiashara mwenzake, ambaye kwake marejesho ni fedha za kodi anazorudishiwa, wangalikwenda kila mmoja njia yake, na wala hapana ambaye angejaza fomu ya kueleza biashara yake ilivyokwenda mwaka ule.

Neno geni humfanya mtu aulize. Neno alilolizoea humfanya atie sahihi. Hapo ndipo tunapoiona hatari, na mifano yake iko mingi kuliko tulivyodhani tulipoanza kuipitia miongozo hiyo.

Tuanze na neno lisiloonekana na ubaya wowote, nalo ni *kumbukumbu*. Katika lugha ya ofisi, kutunza kumbukumbu ni kuandika na kuhifadhi hesabu na hati. Karani yeyote anajua hivyo, kwa sababu amekulia katika chumba cha masijala. Lakini kwa watu wengi kumbukumbu ni kile kilicho kichwani, na mtu mwenye kumbukumbu nzuri ni yule asiyesahau. Sasa tuangalie jedwali la kodi ya mapato ya wafanyabiashara wadogo lililowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019. Mfanyabiashara aliyeuza kwa mwaka zaidi ya shilingi 4,000,000 lakini si zaidi ya 7,000,000, ikiwa hana kumbukumbu zinazotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, alitozwa shilingi 100,000. Ikiwa anazo, alitozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kwa hiyo mama aliyeuza shilingi 5,000,000 kwa mwaka na kuziandika alitakiwa kulipa shilingi 30,000. Jirani yake aliyeuza kiasi kile kile bila kuandika alilipa 100,000.

Tofauti hiyo ya shilingi 70,000 imefungwa katika neno moja. Mama wa pili huenda aliusoma mwongozo vizuri sana, akaona umeandikwa kwamba *mfanyabiashara anayetunza kumbukumbu* hulipa kidogo, akajiambia kwamba yeye hasahau: anajua alinunua magunia mangapi, anajua nani anamdai na nani anadaiwa. Na kweli anajua. Kosa lake ni kwamba alisoma Kiswahili cha watu katika karatasi iliyoandikwa Kiswahili cha masijala. Mwongozo ungesema *daftari la mauzo na manunuzi, pamoja na risiti, vilivyotunzwa kwa miaka 5*, yule mama angeelewa kwamba kinachotakiwa ni karatasi. Neno *daftari* si la kishamba. Wafanyabiashara wa pwani wamekuwa nalo tangu zamani, na mwenye duka akisema fulani yumo daftarini, kila mtu anajua fulani anadaiwa. Sioni, asema mfasiri mmoja tuliyezungumza naye, sababu ya kuandika *daftari* ambapo sheria imesema *kumbukumbu*. Jibu letu ni kwamba mwongozo si sheria. Sheria yasemwa kwa hakimu na kwa wakili. Mwongozo wasemwa kwa yule mama.

Katika jedwali hilo hilo limo neno jingine la kutazama kwa uangalifu, nalo ni *mauzo ghafi*. Sifa hii *ghafi* imeingia katika lugha ya fedha kuonyesha kiasi ambacho bado hakijapunguzwa kitu, na wahasibu wameizoea. Lakini umma uliijua kwanza katika *mali ghafi*, yaani pamba kabla haijasokotwa na ngozi kabla haijatiwa dawa. Tumepata kumsikia muuza nguo akisema kwa yakini kabisa kwamba kiwango cha *mauzo ghafi* hakimhusu, maana yeye huuza mashati yaliyokwisha kushonwa, hauzi majora. Ukimcheka utakuwa umekosea, kwa sababu amefanya lile ambalo walimu wa lugha wamemfundisha: amelielewa neno asilolijua kwa kulilinganisha na lile analolijua.

Wengine wamejaribu kuikwepa *ghafi* kwa kuandika *mauzo ya jumla*. Hapo wametoka katika tope wakaingia mtoni. Sokoni *jumla* ni kinyume cha *rejareja*. Muuza nyanya za mafungu akiambiwa ataje mauzo yake ya jumla atajibu hana, na atakuwa amesema kweli. Na lile neno *mapato*, ambalo limo katika jina lenyewe la kodi hiyo, halisaidii, kwani kwa watu wengi kilichopatikana ni kile kilichobaki mkononi baada ya kurudisha mtaji. Mwezi Desemba 2018 vilipoanza kutolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kila kimoja, waliokusudiwa walikuwa wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Mtu akigawa kiasi hicho kwa siku 365 atapata kama shilingi 11,000 kwa siku. Kuuza kwa shilingi 11,000 kwa siku ni jambo la kawaida hata kwa mkaanga mihogo. Kupata faida ya 11,000 kwa siku ni jambo la neema. Kwa hiyo kuelewa kwamba milioni 4 ni mauzo au ni faida kuliamua nani yumo na nani hayumo, na watu wengi, kwa nia njema kabisa, walijihesabu wamo.

Je, twaandikaje basi? Twaona hakuna neno moja litakalotosha, na hakuna haja ya kulitafuta. Yaandikwe maneno mengi: *fedha zote ulizopokea kwa kuuza, kabla hujatoa gharama yoyote, hata bei uliyonunulia mali*. Wafasiri wengi huona haya kutumia maneno 13 mahali ambapo Kiingereza kimetumia moja, kana kwamba wingi wa maneno ni ushahidi wa umaskini wa lugha. Haya hiyo haina msingi. Istilahi moja ni ya manufaa kwa wanaoizungumza kila siku, maana huwaokolea muda. Mtu anayekutana na dhana hiyo mara moja kwa mwaka hana muda wa kuokolewa, ana fedha.

Juu ya neno *kodi* lenyewe hatutasema mengi. Inafahamika kwamba Tanzania neno hili hubeba mizigo miwili, ule wa serikali na ule wa mwenye nyumba, na kwamba ndugu zetu wa Kenya wameipunguza adha hiyo kwa kuupa ule wa kwanza jina la *ushuru*. Kwetu *ushuru* una kazi zake forodhani na sokoni, hivyo mlango huo umefungwa. Lakini mwandishi wa mwongozo anapofika mahali pa kueleza kwamba mpangaji wa chumba cha biashara hutakiwa kuzuia asilimia 10 ya fedha anazomlipa mwenye nyumba na kuzipeleka kwa Mamlaka, asiandike habari za *kodi ya zuio kwenye kodi ya pango*. Sentensi ya namna hiyo inasomeka kama kitendawili. Zaidi ya hayo, *zuio* kwa watu wengi ni amri ya mahakama ya kusimamisha jambo, na *kodi ya zuio* yaweza kufahamika kuwa kodi iliyosimamishwa, isiyolipwa tena. Ni maana iliyo kinyume kabisa cha ile iliyokusudiwa.

Sasa tufike kwenye maneno mawili ambayo twaona yanastahili kutazamwa na Baraza kwa makini kuliko yote, nayo ni *dhima* na *dhamana*. Yote mawili yametoka Kiarabu, yote mawili ni ya heshima, na yote mawili yamewekwa mahali ambapo mtu mdogo anaweza kupoteza nyumba.

*Dhima* imewekwa kuwa istilahi ya ule wajibu wa kisheria wa kulipa deni au kufidia hasara. Kwa asili yake neno linafaa sana, kwa vile katika Kiarabu na katika Kiswahili cha zamani lilikuwa na maana hiyo hasa ya jambo lililo juu ya shingo ya mtu. Lakini katika miaka iliyopita neno hili lilichukuliwa na somo la fasihi. Kila kijana aliyepita sekondari ameulizwa katika mtihani aeleze *dhima ya fasihi katika jamii*, naye amejibu kwamba ni kuelimisha, kuburudisha, kuonya. Kwake dhima ni kazi au manufaa ya kitu. Kijana huyu anapofungua duka la simu na kusoma juu ya *kampuni yenye dhima yenye ukomo*, anafahamu kwamba ni kampuni ambayo shughuli zake zina mpaka, ambayo huenda hairuhusiwi kuuza kitu hiki na kile. Anaona bora asajili *jina la biashara*, ambalo halina mpaka wowote. Na kweli halina mpaka, ila kwa namna ambayo yeye hakuifikiria: aliyesajili jina la biashara, kwa mujibu wa Sheria ya Majina ya Biashara, hakuunda mtu mwingine wa kisheria. Madeni ya duka ni madeni yake mwenyewe, na mdai aweza kuifuata pikipiki yake na shamba lake. Ile kampuni aliyoiogopa, inayoundwa kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, ndiyo ambayo hasara ya mwenye hisa haivuki thamani ya hisa zake.

Linalozidisha utata ni kwamba mitaani kila biashara yenye bango ni *kampuni*. Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni husajili majina ya biashara na husajili makampuni pia, na mtu aliyetoka huko na cheti mkononi huwaambia jamaa zake kwamba amesajili kampuni. Mwongozo unaotaka kumsaidia hauna budi kumwambia mapema, kabla ya kumweleza ada na fomu, ni nani atakayedaiwa biashara ikianguka. Hapo tungependekeza *dhima* iachwe katika sheria, na mwongozo uandike *deni la kampuni haliingii katika mali ya mwenye hisa*. Na juu ya *ubia*, iandikwe vivyo hivyo waziwazi kwamba deni la ubia huwapata wabia wote, hata yule ambaye hakuwapo siku ya kukopa. Neno *ubia* lenyewe ni zuri, la kale na sahihi. Tunawasihi wale wanaolibadilisha kwa *ushirikiano* waliache lilivyo.

Twende kwenye *dhamana*. Tumejaribu kuzihesabu kazi za neno hili katika maandishi ya kawaida, na tumeona ni mzigo ambao neno moja haliwezi kuubeba bila kuyumba. Mshtakiwa hutoka rumande kwa dhamana. Waziri hupewa dhamana ya wizara. Kampuni ya vinywaji hudhamini timu ya mpira. Mtu humdhamini ndugu yake apate mkopo. Shamba huwekwa dhamana ya mkopo huo. Serikali hukopa kwa hati za dhamana. Wakala mzima wa serikali, ule wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, umelibeba neno hili katika jina lake kwa maana nyingine tena, ya kusimamia mali kwa niaba ya wengine. Katika zote hizo kuna kiini kimoja, nacho ni uaminifu wa mtu au kitu kinachosimama nyuma ya jambo. Kiini hicho ndicho kinachomponza msomaji.

Mtazame mwalimu wa shule ya msingi anayeombwa na shemeji yake amdhamini kwa mkopo wa cherehani. Anafahamu dhamana za aina mbili kwa kuziona. Ya kwanza ni ya mahakamani: mdhamini hutia sahihi, mshtakiwa akifika siku ya kesi, mdhamini amekwisha kazi yake. Ya pili ni ya kumshuhudia mtu tabia, kama anavyofanya mwenyekiti wa mtaa anapoandika barua ya utambulisho. Kwa hiyo anatia sahihi akiamini kwamba amesema hadharani kuwa shemeji yake ni mwaminifu, na kwamba akitoroka atakuwa na kazi ya kumtafuta. Lakini Sheria ya Mikataba haisemi hivyo. Yasema wajibu wa mdhamini ni sawasawa na wajibu wa mkopaji, isipokuwa kama mkataba wenyewe umeeleza vingine. Mdai halazimiki kuhangaika na shemeji mpaka achoke ndipo amrudie mwalimu. Shemeji aweza kuwapo pale pale sokoni, haonekani kujificha, na mwalimu akadaiwa deni lote pamoja na riba yake.

Tumezipitia fomu kadhaa za kukopea na miongozo inayozieleza. Kwa sehemu kubwa mahali pa mdhamini pameandikwa jina, anwani, kazi, na *mdhamini wa mkopaji*, basi. Mfasiri amefanya kazi yake kwa uaminifu: katika orodha ya istilahi *mdhamini* ndilo neno, naye kaliandika. Hakuna wa kumlaumu, na mwalimu analipa.

Hali huwa nzito zaidi inapokuwa nyumba. Kiswahili kimekuwa na neno lake mahususi la kuifunga mali kwa ajili ya deni, nalo ni *rehani*. Watu wazima wa pwani wakisikia nyumba imewekwa rehani hushika kichwa. Wanajua kwamba nyumba hiyo imekwisha kuondoka nusu. Lakini waandishi wa miongozo wamelipenda neno *dhamana* hata hapa, huenda kwa sababu linasikika kwa upole zaidi. Mke anaambiwa kwamba mume wake *anaweka nyumba dhamana* na kwamba yeye atie sahihi kuridhia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliweka sharti kwamba nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, na ililiweka ili mke apate nafasi ya kukataa. Nafasi hiyo huwa ni ya bure kama hakuambiwa kwa neno analolijua ni kitu gani anaweza kukikataa. Tunaona hapa kwamba tatizo halikuwa upungufu wa msamiati. Neno lilikuwapo, kali na la wazi, likawekwa kando.

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba *dhamana* isisimame peke yake katika mwongozo wowote wa fedha. Mali isiyohamishika iandikiwe *rehani*. Mtu anayejifunga kulipa deni la mwenzake asiitwe *mdhamini* tu. Fomu imwambie kwa nafsi ya kwanza anachokubali. Yule aliyekuwa katika ile kampuni yenye ukomo naye asidhani ameokoka, maana mabenki, yakimkopesha mwenye kampuni changa, aghalabu humtaka ajidhamini mwenyewe kwa mali zake. Hapo ukuta uliojengwa kwa *dhima* hubomolewa kwa *dhamana*, katika ukurasa wa mwisho, kwa sahihi moja, na ni nadra kuuona mwongozo unaoyaweka mambo haya mawili katika sura moja ili msomaji aone uhusiano wake.

Kabla hatujaendelea, neno dogo kwa wapiga chapa na wasahihishaji. *Mufilisi* ni mtu aliyefilisika, hana kitu. *Mfilisi* ni yule aliyeteuliwa kuikusanya mali ya aliyefilisika na kuwagawia wadai. Irabu moja inatenganisha aliyeanguka na anayekuja kukusanya vilivyoanguka, na tumeona maandishi ambayo yote mawili yametumika katika aya moja kama kwamba ni tahajia mbili za neno lile lile.

Mpaka hapa tumetoa lawama kwa wenye kuandika. Yafaa sasa tutazame namna watu wenyewe walivyoifanya kazi hii bila kuombwa. Baada ya mikopo midogo ya haraka kuenea, yenye riba inayohesabiwa kwa mwezi au hata kwa juma, mitaa ya Tanzania iliipa jina la *kausha damu*. Jina hili halimo katika Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyokuja kuwataka wakopeshaji wa aina zote wawe na leseni au usajili, wala hatutarajii limo. Lakini litazameni kama istilahi. Linataja tendo, linataja mtendwa, na linaonyesha kwamba jambo hufanyika polepole mpaka mtu hana kilichobaki. Mtu yeyote aliyelisikia hahitaji kamusi. Twalilinganisha na *riba isiyopungua*, ambayo ndiyo tafsiri inayotumika katika miongozo kueleza njia ya kuhesabu riba juu ya mkopo wa mwanzo hata pale sehemu yake kubwa inapokuwa imekwisha kulipwa. *Isiyopungua* yasikika kama sifa njema. Mtu aweza kuifikiria ni riba isiyobadilikabadilika, ya kutegemewa.

Hesabu ni hii. Mtu amekopa shilingi 1,000,000 kwa miezi 10, kwa asilimia 5 kwa mwezi, akirudisha 100,000 ya mkopo kila mwezi. Kwa riba inayohesabiwa juu ya deni lililobaki, atalipa riba ya 50,000 mwezi wa kwanza, 45,000 mwezi wa pili, hivyo hivyo hadi 5,000 mwezi wa mwisho, jumla 275,000. Kwa ile *isiyopungua* atalipa 50,000 kila mwezi, hata mwezi wa 10 ambapo deni lililobaki ni 100,000 tu, jumla 500,000. Asilimia iliyoandikwa katika mikataba yote miwili ni ile ile, 5. Mwongozo unaotaja asilimia bila kufanya hesabu hii haujasema kitu, hata kama istilahi zake zote zimeidhinishwa.

Tunajua hoja itakayotolewa dhidi yetu. Itasemwa kwamba istilahi zikiisha kusanifiwa hapana budi zitumike kila mahali kwa namna moja, la sivyo sheria itasema hivi, mwongozo utasema vile, na mwananchi akifika mahakamani atakuta neno ambalo hakulisoma popote. Hoja hiyo ina uzito. Vijitabu vya *Tafsiri Sanifu*, vilivyoanza kutolewa na Baraza katika miaka ya 1970, vilikusudiwa kuondoa vurugu ya kila ofisi kujitungia, na vurugu hiyo haifai irudi. Lakini usanifu ni wa kuhakikisha kwamba neno moja halibadiliki maana kutoka hati moja hadi nyingine. Haukuwa kamwe amri kwamba maelezo yapigwe marufuku. Mwongozo na utaje istilahi ya sheria mara moja, ili msomaji aitambue akiiona tena, kisha uendelee kwa maneno ya kueleweka.

Na orodha zenyewe zingeweza kuboreshwa kwa jambo dogo. Katika orodha tulizo nazo, upande mmoja liko neno la kigeni na upande wa pili liko la Kiswahili. Safu ya tatu ingewekwa, ya kuonyesha neno hilo la Kiswahili lina kazi gani nyingine katika fasihi, mahakamani, sokoni na msikitini, mfasiri angeonywa kabla hajaliandika. Mbele ya *dhima* angekuta somo la fasihi. Mbele ya *kumbukumbu* angekuta kichwa cha mtu. Mbele ya *jumla* angekuta gunia. Kazi ya kuijaza safu hiyo haiwezi kufanywa na kamati iliyokaa mezani. Walimu walioko mikoani na maofisa biashara wa halmashauri ndio wanaosikia kila siku jinsi maneno haya yanavyoeleweka, na ukurasa huu uko wazi kwa barua zao.

Kwa sasa, pale juu ya mstari wa sahihi ya mdhamini, badala ya maneno matatu yaliyopo, twapendekeza yaandikwe haya: *Nakubali kwamba mkopaji asipolipa, nitadaiwa mimi deni lote pamoja na riba, na mali yangu yaweza kuuzwa ili lilipwe. Nimesomewa maneno haya kabla ya kutia sahihi.*